Barua ya wazi kwa Kamati ya Kombe la Kata: tuonyesheni kanuni

Kwa Mwenyekiti, Katibu na Wajumbe,
Kamati ya Maandalizi ya Kombe la Kata,
Dar es Salaam.

YAH: KANUNI AMBAZO HAKUNA ALIYEWAHI KUZIONA, NA YOTE YALIYOTUKUTA KWA SABABU HIYO

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni katibu wa moja ya timu 16 za mpira wa miguu zilizoshiriki Kombe la Kata mwaka huu. Sina haja ya kujitambulisha zaidi, mnanijua. Ndiye yule dada wa chapati za pembeni ya uwanja, mwenye daftari la jalada jekundu, ambaye mjumbe wenu mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba mpira una wenyewe. Sawa, una wenyewe. Na mimi nimeulipia ada.

Nimekuja hadharani baada ya milango mingine kufungwa. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono, hatua ya makundi ilipokwisha, ikapokelewa bila kugongwa muhuri kwa maelezo kwamba muhuri umesafiri na Katibu. Ya pili niliituma kwa simu, nikaona alama mbili za bluu, basi. Ya tatu niliisoma kwa mdomo kwenye kikao cha tathmini. Sikufika hata nusu, nikaambiwa muda umekwisha, tufunge kwa sala. Kesho yake nikatolewa kwenye kundi la WhatsApp la makatibu. Kundi lenyewe silililii, lilikuwa limejaa matangazo ya mikopo. Ila ratiba zote zilikuwa zinatoka humo humo, kwa hiyo mechi zilizobaki nilikuwa nikiziulizia kwa wauza karanga.

Niseme pia linalostahili kusemwa. Kwa wiki saba mlijaza uwanja wa shule kila jioni. Vijana ambao siku nyingine tunawapita wamekaa kijiweni walikuwa wanakimbia alfajiri. Biashara yangu ilipanda, na ya muuza kandoro vilevile. Ndiyo maana naandika. Mashindano ambayo hayana faida kwa mtu yeyote nisingeyapotezea wino.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kanuni.

Kwenye kikao cha kwanza cha makatibu, chini ya mwarobaini wa shule, tuliambiwa kwa mdomo kwamba kila timu ichezeshe wakazi wa kata, na wageni wasizidi wawili. Niliandika. Nikauliza kanuni zenyewe tutapewa lini kwa maandishi, nikajibiwa zinachapwa. Tukalipa ada, droo ikapangwa, mpira ukaanza, kanuni bado zinachapwa.

Mechi ya pili ya kundi, wapinzani wetu wakaingia na sura nne ambazo hakuna mtu mtaani kwao aliyewahi kuziona zikinunua hata vocha. Mmoja alikuja na begi la timu anayoichezea kwenye ligi ya mkoa, hakujisumbua hata kuligeuza nembo ikae ndani. Tukafungwa tatu kwa moja. Tukakata rufaa ndani ya saa 24, tukalipa ada ya rufaa Sh30,000, tukaambatanisha picha na maelezo ya mabalozi wawili wa mtaa ule. Kamati ikakaa bila kutuita. Jibu lilikuja kwa simu, dakika moja na nusu: rufaa imetupwa, kanuni inaruhusu wageni watano.

Nikaomba nionyeshwe hiyo kanuni. Nikaambiwa inachapwa.

Wiki mbili baadaye timu ya mtaa mwingine ikaondolewa mashindanoni kwa kosa la kuchezesha wageni watatu. Kamati ni ileile, kombe ni lilelile. Sisemi kwamba kuna mtu alipewa chochote. Sina ushahidi na sitaki kumtia mtu dhambini. Ninachosema ni kwamba kanuni inayokaa kichwani mwa watu saba ina matoleo saba, na timu hukutana na toleo la yule aliyewahi kufika kikaoni.

Kabla hajatokea wa kunikumbusha, naungama mwenyewe: mwaka juzi sisi tulileta mamluki wawili, kipa na winga, tukawalipa nauli na chipsi mayai. Hakuna timu ya ndondo, mpira wetu huu wa mtaani, isiyoujua utamu huo. Hata mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, kila mara husikii wakubwa wakikemea mamluki, pamoja na walimu wote wale na vyeti vya kuzaliwa mezani? Kwa hiyo siji kwenu na kanzu nyeupe. Nataka idadi tu. Semeni wawili, semeni watano, semeni hata kumi na mmoja, lakini tuisome kabla ya filimbi ya kwanza.

2. Saa ya mpira na saa ya mgeni rasmi.

Nusu fainali yetu ilipangwa saa 10 alasiri. Vijana walipasha misuli mara tatu. Mgeni rasmi akafika saa 11 na dakika 20, na kwa kuwa amefika, yakaanza yanayoanza mgeni akifika: utambulisho, salamu, itifaki ikazingatiwa, picha na kila mjumbe, kisha picha nyingine kwa kuwa wa kwanza alifumba macho. Mpira ukaanza saa 12 kasoro dakika 10. Ilikuwa Julai, na Julai hapa Dar es Salaam saa 12 na dakika 20 hivi jua limeshazama. Halimsubiri mgeni.

Refa alikuwa ameshapuliza, kipindi cha kwanza kinaendelea, ndipo mjumbe alipomfuata kumwambia kila kipindi kiwe dakika 20. Tukatoka bila kufungana. Matuta ya penalti yakapigwa gizani, bodaboda nne zimepangwa nyuma ya mpigaji, taa zinamwelekea kipa usoni. Kipa wa wenzetu kijana wa watu alikuwa anaziba macho kwa glovu. Tuta la pili aliruka akafuata kivuli cha mpira.

Tulishinda sisi. Ninalalamikia mechi tuliyoshinda, na wachezaji wangu wamenikasirikia kwa hilo, wananiuliza nataka warudishe fainali? Hapana. Nataka waelewe kwamba mwakani taa hizo zinaweza kumwelekea kipa wetu.

Sheria za soka ziko 17 na zinasomwa na yeyote mwenye simu. Ya 7 inasema mechi ni vipindi viwili vya dakika 45, na inaweza kupunguzwa tu kama mwamuzi na timu zote mbili wamekubaliana kabla ya mechi kuanza, tena kama kanuni za mashindano zinaruhusu. Kanuni za mashindano. Mnaona tunakorudi?

3. Magoli na mtoto wa jirani.

Hili ningeliweka la kwanza, ila mama wa mtoto aliniomba nisilifanye bango.

Magoli ya uwanja wa shule ni ya chuma na hayajachimbiwa. Siku ya mechi za mwisho za makundi, goli la upande wa barabara lilisogezwa hatua kadhaa ili turubai la wageni lipate kivuli cha mti, likaachwa limekaa juu ya mchanga kama kiti. Mechi ilipokwisha, watoto wakafanya wanachofanya watoto kila wanapoona chuma kimelala hewani: wakaning'inia kwenye mtambaa panya. Goli likapinduka. Wengine walichomoka. Mmoja, wa darasa la nne, mkono ulibaki chini.

Uwanja mzima haukuwa na hata bendeji. Barafu ilitoka kwenye deli la muuza juisi. Mtoto alipelekwa kwa bodaboda, amepakatwa na mchezaji wetu ambaye bado alikuwa na njumu miguuni. Mkono ulikuwa umevunjika sehemu mbili. Matibabu tulichangishana pale mtaani na timu mbili. Kamati ilituma salamu za pole kupitia mshereheshaji, kwenye spika, mechi iliyofuata, kati ya tangazo la sabuni na wimbo.

Ndugu Mwenyekiti, Sheria ya 1, ya kwanza kabisa, kabla haijaelezwa ofsaidi wala penalti ni nini, inataka magoli yafungwe imara ardhini, hata yale ya kuhamishika. Walioiandika hawakukosa kazi. Goli la kipimo kamili lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44, la chuma, likianguka, halina tofauti na ukuta. Dawa yake ni mashimo mawili kwa kila goli, mifuko michache ya saruji, na vijana wangu wako tayari kuchimba bure hata Jumapili hii.

Na msiseme huduma ya kwanza ni ya Ligi Kuu. Disemba 2016, mjini Bukoba, kijana wa timu ya vijana ya Mbao FC alianguka katika mechi ya ligi ya vijana, Uwanja wa Kaitaba, na hakuamka tena. Huo ni uwanja wenye jina, ligi yenye waamuzi na makamisaa. Sisi tuna mchanga, jua la saa 9, vijana wengine hawajala tangu jana usiku, na deli la barafu.

4. Netiboli.

Timu sita za mabinti zililipa ada. Siku ya fainali wakakuta maturubai na viti vya wageni vimesimikwa katikati ya uwanja wao. Wakaambiwa wavumilie, wakahamishiwa nyuma ya vyoo vya shule kwenye kokoto, nguzo moja ikiwa imechomekwa kwenye tairi. Kila robo ya mchezo, ambayo ni dakika 15, ikawa dakika 7, maana fainali ya wanaume ilikuwa inasubiri. Bingwa wa mpira wa miguu aliahidiwa ng'ombe na fedha taslimu. Bingwa wa netiboli alipewa katoni mbili za soda na kupigiwa makofi matatu ya kilo.

Nilicheza netiboli miaka tisa, C mgongoni, yaani mchezaji wa kati, na goti langu la kushoto ni shahidi. Nahodha wa mabingwa aliniambia akicheka: dada, mwakani tunahamia mpira wa miguu, labda Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, wakisikika redioni na sisi tutapishwa uwanja. Alikuwa anacheka, lakini soda hakunywa.

5. Fedha.

Timu 16 kwa Sh60,000 ni Sh960,000. Timu sita za netiboli kwa Sh30,000 ni Sh180,000. Jumla Sh1,140,000, kabla ya ada za rufaa, kabla ya wafadhili waliotangazwa kwenye spika mpaka masikio yakauma, na kabla ya ile Sh500 ya kuvuka kamba siku ya fainali. Hakuna karatasi hata moja iliyobandikwa popote kueleza zilivyotumika.

Fainali tulifungwa mbili bila. Tulifungwa vizuri, hilo halina mjadala. Mfungaji wao ana mguu wa kushoto ambao ningemkodi kesho. Mshindi wa pili alitangaziwa Sh500,000. Tukapigwa picha na mgeni rasmi tumeshika hundi ya bango, refu kuliko kipa wetu, imeandikwa laki tano kwa tarakimu na kwa maneno. Wageni walipoondoka tukapewa bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na Sh150,000. Tuliyemuuliza akasema nyingine inakuja. Hundi ya bango tumebaki nayo, na kwa sasa inaziba dirisha la banda langu upande unaoingiza mvua. Kazi hiyo inaifanya vizuri kuliko ile iliyokusudiwa.

Najua majibu yatakayotolewa, maana nimeshayasikia kwa reja reja.

La kwanza ni kwamba kamati inajitolea, hailipwi. Kweli, na Mungu awalipe. Sisi makatibu nani anatulipa? Nimefua jezi 18 kila Jumatatu kwa wiki saba. Anayejitolea kushika fedha za watu anadaiwa hesabu kama mwingine yeyote. Hata mama kijumbe mwenye kibubu chetu cha vikoba anasoma daftari lake kila Jumamosi, na hatumlipi hata soda.

Jingine ni kwamba hii ni ndondo tu, tusilete mambo ya FIFA mchangani. Neno hili "tu" ndilo linalonichosha. Mbwana Samatta alikulia Mbagala, si Ubelgiji, na tarehe 1 Machi 2020 alifunga bao uwanja wa Wembley, Uingereza. Mwaka 2027 nchi yetu, Kenya na Uganda tutapokea AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwenye viwanja vyenye nyasi na taa. Siombi taa. Naomba goli lisiloanguka na karatasi moja yenye kanuni. Tena kwa taarifa yenu, nchi hii ina Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa tangu 1967. Michezo ya jamii haijawahi kuwa kitu cha kuendeshwa kwa mdomo na kwa hisani ya aliye karibu na spika.

Kuna pia wanaosema mfadhili aliahidi akaingia mitini. Inawezekana kabisa, na kama ndivyo, nawaonea huruma. Lakini basi tuambieni hivyo. Tungeelewa. Mlichofanya ni kutupiga picha na hundi.

Na la mwisho, ambalo limeletwa kwangu na watu watatu tofauti usiku: kwamba natumwa, kwamba barua hii ni ya kumchafua Mheshimiwa Diwani kabla ya uchaguzi wa chama. Sijatumwa na mtu. Kombe halikuwa na jina la Mheshimiwa pekee, lina jina la kata, na kata ni pamoja na yule mtoto wa darasa la nne. Tena nikitaka kumchafua mtu nina njia rahisi zaidi, wateja wangu wa asubuhi hufika mpaka arobaini na wanapenda habari.

Tunachoomba, na hapa nasema kwa niaba ya makatibu tisa waliosaini nyuma ya nakala niliyoileta ofisini, ni hiki. Kanuni za mashindano yajayo ziandikwe, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata na kila timu ipewe nakala, wiki mbili kabla ya droo: idadi ya wageni, umri, muda wa mechi, rufaa inavyosikilizwa na nani asikae kwenye rufaa ya ndugu yake. Mapato na matumizi ya mwaka huu yabandikwe hapohapo ndani ya siku 30. Magoli yachimbiwe kabla shule haijafungua, kombe liwepo lisiwepo. Siku ya mechi awepo mtu mmoja mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza na sanduku lake. Zahanati iko jirani, waombeni. Netiboli ipewe uwanja wake, dakika zake na zawadi inayoliwa na timu nzima. Mpira uanze saa iliyopangwa, mgeni awe amefika au yuko foleni Tazara. Akifika wakati wa mapumziko atasalimia, watu watampigia makofi yaleyale.

Mama wa mtoto hajaomba fedha. Ameomba mwenyekiti afike nyumbani. Ni mlango wa nne kutoka msikitini, geti la bati la kijani.

Yasipofanyika hayo, timu zetu tisa hazitalipa ada mwakani. Hatutafanya vurugu wala kumrushia mtu jiwe, tutacheza bonanza letu wenyewe kwenye uwanja wa chini, kwa kanuni za ukurasa mmoja ambazo tumeshaziandika. Zimechapwa. Ilichukua dakika 40 na Sh500 steshenari.

Mimi napatikana bandani kila siku kuanzia saa 11 alfajiri mpaka chapati ziishe. Hundi ya bango ipo. Atakayekuja kuichukua aje na Sh350,000 iliyobaki, na kipande cha bati cha kuziba dirisha.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
Timu ya Mtaa, mshindi wa pili, Kombe la Kata

Nakala:
Mheshimiwa Diwani
Afisa Mtendaji wa Kata
Afisa Michezo
Mwalimu Mkuu, kwa ajili ya magoli
Makatibu wa timu zote 16 za mpira wa miguu na sita za netiboli